Walikutana kwa tangazo la gazeti, mwaka uliofuata mwimbaji wao akagombea umeya: uzi wa Dead Kennedys

Santuri Kuukuu:
Wakuu, salama humu? Kwenye ule uzi wa miziki ya fujo kuna mdau alisema panki ni kelele za watoto wa kishua waliokosa la kufanya. Kwa bendi kadhaa ninazozijua sina la kumbishia. Ila ipo moja ambayo ukifuatilia ilivyoundwa unakuta vijana walikuwa wanaijua siasa ya mji wao ndani nje kama watu humu wanavyoujua msimamo wa ligi. Halafu walichekesha. Na mimi naona ule utani ndio uliowaingiza mahali ambapo bendi za "serikali ife" hazikufika. Mtanibishia mbele ya safari, kwanza niwape mkanda.

Mji ni San Francisco, California. Juni 1978 kijana wa miaka 19, mpiga gitaa anayejiita East Bay Ray, alikwenda kuangalia shoo Mabuhay Gardens, mtaa wa Broadway. Ule haukujengwa kuwa ukumbi wa roki. Ulikuwa mgahawa wa Wafilipino. Jioni watu wanakula, usiku ukiingia bendi za panki zinapanda. Aliyekuwa anapanga shoo, Dirk Dirksen, alikuwa na kawaida ya kushika maiki yeye mwenyewe na kuwananga wateja waliolipa kiingilio, kisha anaigeukia bendi nayo anainanga. Watu walimpenda kwa hilo hilo.

Ray alitoka pale akaweka tangazo gazetini: anatafuta wenzake wa kuanzisha bendi. Hakuna cha meneja wala mfadhili. Akajitokeza Klaus Flouride wa besi, miaka 29, mkubwa kuliko wote na aliyekwishapiga bendi nyingine. Akaja mmoja anajiita 6025. Ndiyo, namba tupu, ndilo jina. Akaja kijana wa miaka 20 kutoka Boulder, Colorado, jina la nyumbani Eric Boucher, mama mkutubi, akajiita Jello Biafra. Mwisho akaingia mpiga drams, Ted. Kabla yake 6025 ndiye aliyekuwa akipiga drams, ikabidi ahamie gitaa la pili.

Tarehe 19 Julai 1978 wakapanda jukwaani Mabuhay kwa mara ya kwanza, wao wakifungua shoo ya wengine. Tangazo Juni, jukwaa Julai. Bendi za kwetu mwezi mzima huo bado zinajadili rangi ya sare.

Jambo moja la kiufundi kabla sijaendelea, maana kuna wapiga vyombo humu. Biafra hapigi chombo chochote. Wimbo anautunga kwa mdomo: anaimba sehemu ya gitaa, anaimba ya besi, "ta-ta-tam, hapo panda juu", na wenzake wanazitafuta zile noti kwenye nyuzi. Ray naye hakuwa mpigaji wa kawaida wa panki anayekwangua nyuzi tatu mpaka zikatike. Alipenda miziki ya ufukweni ya miaka ya 60 na ile ya filamu za majasusi, gitaa limejaa mwangwi. Kwa hiyo unasikia maneno ya mauaji, huku muziki unakuambia uko pwani na madafu. Kichekesho kinaanzia kwenye mlio, hata kama Kiingereza hukijui.

Kanyaga Twende:
Nimevuta kiti. Ila mkuu umelipita jina la bendi kimya kimya kama hulioni. Akina Kennedy waliokufa??

Mwananchi wa Umoja:
Hapo sasa. Sisi huku Nairobi Kennedy ni jina la heshima, bwana. Mwaka 1960 pesa za wakfu wa familia ile ndizo zilizolipia ndege za wanafunzi wa Tom Mboya kwenda kusoma Marekani. Ndiyo unaona nchi imejaa akina Kennedy, darasani kwetu walikuwa watatu. Kisha mtu aamke aite bendi hivyo? Hiyo si siasa, hayo ni madharau tu. Mtu ameuawa, ndugu yake ameuawa, na wewe unapiga gitaa.

Santuri Kuukuu:
@Mwananchi wa Umoja kaka, hoja yako ni ya maana na hata kwao ilisemwa. Biafra amekuwa akieleza kwamba jina halikulenga kuitukana familia. Lilikuwa linasema ile ndoto ya Marekani ilikufa na wale ndugu wawili, na kilichobaki ni watu kujipigania wenyewe. Maelezo hayo wapo walioyakubali, wapo walioyakataa. Kumbi nyingine zilikuwa zinaogopa kubandika jina hilo mlangoni, ikabidi wapige wakijiita The Sharks, The Creamsicles au The Pink Twinkies. Kumbi nyingine ziliandika DK's tu, yakaisha.

Sasa sikilizeni mambo ya Novemba 1978, maana hapa ndipo bendi ya mtaani ilipogeuka habari.

Waliweka shoo Mabuhay tarehe 22 Novemba, miaka 15 kamili tangu rais John Kennedy apigwe risasi Dallas. Herb Caen, mwandishi wa safu maarufu kuliko zote mjini katika San Francisco Chronicle, akaandika kwa hasira kwamba ukidhani watu wamefika mwisho wa kukosa adabu, inatokea bendi yenye jina hili inayopiga siku hii, mahali hapa. Yaani jina, tarehe na ukumbi, vyote kwenye gazeti kubwa. Tangazo la bure! Bendi yenye umri wa miezi mitano ingetoa wapi hela ya tangazo kama hilo?

Lakini tazameni kalenda. Tarehe 18 mwezi huo huo, zaidi ya watu 900 walikufa Jonestown, Guyana, wafuasi wa mchungaji Jim Jones. Jones alikuwa mtu wa San Francisco, hekalu lake lilikuwa pale pale mjini, wanasiasa wakimkumbatia kwa sababu ya kura za waumini wake, na meya George Moscone alikuwa amempa kiti kwenye tume ya nyumba ya jiji. Tarehe 22 ni ile shoo. Tarehe 27 Dan White, polisi wa zamani aliyekuwa ameachia ujumbe wa halmashauri ya jiji kisha akautaka tena, aliingia ukumbi wa jiji kwa dirisha la chini ili akwepe mashine ya kukagua silaha, akamuua Moscone, akaenda akamuua Harvey Milk, mjumbe aliyekuwa shoga wa wazi na sauti kubwa ya watu wake.

Siku tisa. Ndani ya siku tisa mji umepoteza mamia ya wakazi wake wa zamani, meya na mjumbe. Sasa mtu aniambie nani alikosa adabu mwezi ule, wavulana watano wenye jina baya au wakubwa waliomlea Jim Jones.

Mbishi Asilia:
Mkuu unachanganya madesa. Mauaji yangetokea hata bendi isingekuwepo. Hapo unaipa bendi uzito isiokuwa nao.

Santuri Kuukuu:
@Mbishi Asilia sijasema walisababisha. Nasema walizaliwa humo. Bendi ikizaliwa kwenye mji ambao habari za asubuhi zinashinda vichekesho vya jukwaani, lazima vichekesho vipande ngazi, la sivyo watu watalala.

Mzee wa Kijiweni:
Vijana, mimi nauliza kuhusu hilo jina la pili. Biafra. Sisi wengine Biafra, ile sehemu ya Nigeria iliyotaka kujitenga, si neno la utani. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra, Mwalimu akabeba lawama za Afrika nzima kwa sababu hiyo. Watoto walikufa kwa njaa, picha zao zilifika kila mahali. Huyu mtoto wa Colorado alikuwa na miaka mingapi wakati huo? Anaokotaje jina la msiba wa watu na kulibandika mbele yake neno la pudingi?

Santuri Kuukuu:
Shikamoo mzee. Alikuwa na miaka tisa wakati huo, na zile picha alizionea kwenye televisheni kama watoto wengi wa Marekani. Jello ni ile jeli ya rangi ya dukani, Jell-O, ambayo kwao iko kila jikoni: haina lishe ya maana, inatikisika tu kwenye sahani. Akaiweka pembeni ya jina la mahali ambapo watu walikufa kwa kukosa chakula. Ukilisoma jina lote pamoja ni shutuma, tena anaishutumu nchi yake. Lakini naelewa mzee kwamba aliyezika mtu hawezi kulazimishwa aone hiyo shutuma kabla ya kuona matusi. Mimi mwenyewe kwenye jina la bendi siumii, kwenye jina hili la pili huwa nasita.

Mzee wa Kijiweni:
Marahaba. Nimekuelewa ila sijakubali. Endelea.

dada wa kaunta:
Mimi nataka kujua walikuwa wanaishije. Mabuhay peke yake haiwezi kulisha watu watano.

Santuri Kuukuu:
@dada wa kaunta walipiga popote palipofunguka mlango. Pale ninapopapenda mimi ni Deaf Club, mtaa wa Valencia, eneo la Mission. Ilikuwa klabu halisi ya viziwi, na baa yao humo humo. Mtu mmoja wa mambo ya muziki akaigundua, akaomba kukodi ukumbi. Ukijiuliza, viziwi wangelalamikaje kuhusu kelele? Wanachama wa klabu walibaki humo humo wanakunywa, muziki wakiupokea kwa mtetemo, wengine wakicheza na hao hao vijana wa panki na kuagiza bia kwa ishara. Tarehe 3 Machi 1979 Dead Kennedys walipiga pale na shoo ile ilirekodiwa, ndiyo ya mwisho kwa 6025. Baada ya hapo wakabaki wanne.

Na Juni 1979 wakatoa santuri yao ya kwanza kwa lebo waliyoianzisha wenyewe, Alternative Tentacles. Wimbo ni "California Über Alles", yaani California juu ya vyote. Hapa naomba utulivu, maana ndiyo sehemu watu wengi hawaielewi. Wimbo ule haukumshambulia mtu wa mrengo wa kulia. Ulimshambulia Jerry Brown, gavana wa California, mtu wa mrengo wa kushoto, kipenzi cha mahipi, aliyekataa kuishi kwenye jumba la ugavana. Kwenye wimbo Brown amekuwa rais na nchi inatawaliwa kwa mabavu ya upole: kila mtu lazima atabasamu, watoto wanalazimishwa kutafakari shuleni, na polisi wa siri wanavaa suedi na jinzi. Ni uzushi mtupu, na wanajua ni uzushi. Lakini unacheka huku unajiuliza: hivi mtu mwema kupita kiasi akipewa dola, atamfanya nini asiyetaka wema wake?

Mbishi Asilia:
Hapo ndipo nawaona wajinga. Una maadui wa kweli, unampiga mtu wa upande wako. Miaka miwili baadaye akaja Reagan, rais wa mrengo wa kulia. Walifurahi?

Santuri Kuukuu:
Hawakufurahi, na walirekebisha. Mwaka 1981 waliurudia wimbo ule ule kwa maneno mapya, Brown katoka, Reagan kaingia, na mwanzo wake wakaupiga taratibu kama bendi ya hotelini inayoburudisha wageni wakati wa chakula. Jina jipya lilikuwa linasema tu kwamba sasa tuna tatizo kubwa zaidi. Bendi inayoweza kukosoa wimbo wake maarufu hadharani, tena kwa kuuchekesha, ninaiheshimu. Wangapi hapa kwetu walitunga wimbo wa kumsifia mgombea, mgombea akaharibu, wao wanaendelea kuupiga kwenye harusi?

Ila kumpiga mtu wa upande wako sioni ujinga wowote. Reagan kupigwa na bendi za panki haikuwa habari, kila bendi ilikuwa na wimbo wake. Wa kwako ndiye humzoei kumcheka.

Kanyaga Twende:
Mkuu rudi kwenye umeya, ndicho kilichonileta.

Santuri Kuukuu:
Haya. Kwanza muijue hali ya mji mwaka 1979.

Baada ya mauaji, Dianne Feinstein, aliyekuwa mwenyekiti wa wajumbe wa jiji, akawa meya. Mei 1979 hukumu ya Dan White ikatoka: si mauaji ya kukusudia. Mawakili wake waliegemea kwamba alikuwa na sonona, mtaalamu mmoja akataja jinsi alivyokuwa anakula vyakula vya ovyo, magazeti yakauita utetezi wa Twinkie, zile keki za pakiti. Kifungo kikawa miaka saba na miezi minane kwa kuua watu wawili ofisini kwao. Usiku wa tarehe 21 Mei mji ukalipuka, magari ya polisi yakachomwa mbele ya ukumbi wa jiji, na polisi nao wakaenda Castro, mtaa wa mashoga, kuwapiga watu kwenye baa. Ukishika albamu yao ya kwanza ya 1980, yale magari yanayoungua kwenye jalada si maigizo. Ni picha ya usiku ule.

Pili, mwaka uliotangulia, Juni 1978, mwezi ule ule ambao Ray aliweka tangazo lake, wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 13 lililobana kodi ya majengo. Wenye nyumba wakashangilia. Halmashauri zikakosa hela, watu wakapunguzwa kazi.

Sasa bendi iko ndani ya gari inaelekea kwenye shoo ya bendi nyingine, Pere Ubu. Biafra anaongea, anaongea, hanyamazi. Ted wa drams akamwambia mdomo wako ulivyo mkubwa, si ugombee umeya tu. Utani wa garini. Kufika kwenye shoo, Biafra kachukua karatasi ya kupangusia mdomo, kaanza kuandika ilani. Naomba mzione hoja zake mbili mbili, maana ndiyo siri yenyewe:

Wafanyabiashara wote wavae mavazi ya kinyago cha sarakasi wakiwa ndani ya mipaka ya jiji. Hapo unacheka. Polisi wapigiwe kura na wakazi wa mtaa wanaoulinda, wakishindwa waondoke. Hapo unaacha kucheka.

Zijengwe sanamu za Dan White mjini, na idara ya bustani iwauzie wananchi mayai na nyanya za kuzipiga. Unacheka tena, kisha unakumbuka miaka saba na miezi minane. Majengo matupu ambayo wenyewe hawalipi kodi, wasio na makazi waruhusiwe kuhamia. Unaacha kucheka kabisa, hasa kama wewe ndiye mwenye jengo. Wale waliopoteza kazi kwa ajili ya Pendekezo la 13 waajiriwe upya na jiji kama ombaomba rasmi, wapangiwe vituo kwenye mitaa ya matajiri, ikiwemo anapokaa Feinstein.

Kauli mbiu waliiazima kwenye tangazo la jeli: kwa Jello nafasi haikosekani. Feinstein alikuwa amejitokeza kufagia barabara za katikati ya mji kwa saa chache mbele ya wapiga picha, mambo tunayoyajua sana hata sisi. Biafra akabeba mashine ya kunyonya vumbi akaenda kunyonya majani kwenye bustani ya mbele ya nyumba yake. Siku nyingine akafanya kampeni amevaa fulana ya mpinzani mwingine, Quentin Kopp.

Novemba 1979 kura zikahesabiwa. Wagombea kumi. Biafra, miaka 21, akapata zaidi ya kura 6,500, asilimia tatu na ushee, nafasi ya nne. Feinstein na Kopp hakuna aliyefika nusu, wakaingia duru ya pili Desemba, Feinstein akashinda.

Mwananchi wa Umoja:
Manze 6,500! Huku kwetu kuna watu wana chama, wana helikopta, na hawafikishi hizo.

Mbishi Asilia:
Asilimia tatu ni asilimia tatu. Alishindwa.

dada wa kaunta:
@Mbishi Asilia kwani alikuwa anataka kushinda? Kwenye kinyang'anyiro cha watu wawili kukosa nusu, asilimia tatu ya mtu mwenye ilani ya kwenye tishu si mchezo.

Santuri Kuukuu:
Dada kamaliza. Naongeza kidogo tu: yule mwenye bango la "serikali ife" hakuna mwandishi aliyemwuliza swali. Huyu mwenye mavazi ya sarakasi aliulizwa, na akipewa kipaza sauti kwa ajili ya sarakasi anakitumia kusema kuhusu polisi na majengo matupu. Mlango ulikuwa ule.

Na walirudia mbinu hiyo hiyo kwa watu wa muziki. Machi 1980 kulikuwa na tuzo kubwa za muziki za eneo la ghuba. Waandaaji wakataka waonekane wa kisasa, wakawaalika Dead Kennedys wapige "California Über Alles" mbele ya wakubwa wa lebo na redio. Wakaja wamevaa mashati meupe, kifuani kila mmoja kachorwa herufi S kubwa nyeusi. Wakaanza wimbo. Sekunde chache, Biafra akawasimamisha: ngoja, ngoja, sisi ni watu wazima sasa, hatupigi tena panki, tunapiga muziki wa wimbi jipya. Wakatoa tai nyeusi zilizokuwa zimefichwa mgongoni, wakaziteremsha kifuani. Tai ikapita katikati ya S. Wote wamekuwa alama ya dola.

Kisha wakapiga wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, unaosimanga hela za kuhonga redio ili upigwe, ndani yake wakachomeka kipande cha wimbo uliokuwa unatamba redioni mwaka uliotangulia, wamekigeuza kuwa cha hongo. Hao waliokuwa wamekaa mbele ndio wanaoimbwa. Hawakuwahi kuupiga tena jukwaani.

Kanyaga Twende:
Hahaha nimecheka kwenye daladala watu wananitazama. Hizo tai mgongoni nani aliziwaza!

Swali la mwisho mkuu: bendi ya hivi kwetu inawezekana?

Santuri Kuukuu:
@Kanyaga Twende huo ni uzi mwingine, na huo siufungui mimi 😄

Mbishi Asilia:
Sawa, nakubali jukwaani walikuwa na akili. Lakini maliza habari yote, usiwafiche. Walioimba kuhusu dola si ndio walioishia kushitakiana kwa ajili ya dola?

Santuri Kuukuu:
Ndio, na sikuwa naficha, uzi ni wa kuundwa kwao. Kwa kifupi: Ted aliondoka, mwanzoni mwa 1981 akaingia D.H. Peligro, mpiga drams Mweusi kutoka St. Louis, kasi ikaongezeka mara mbili (alifariki Oktoba 2022). Desemba 1986 bendi ikatangaza kuvunjika, Biafra akiwa na kesi Los Angeles kwa sababu ya bango la mchoraji H.R. Giger lililowekwa ndani ya albamu, ameshitakiwa kusambaza kitu chenye madhara kwa watoto. Mwaka 1987 wazee wa baraza wakashindwa kukubaliana, kesi ikafutwa. Lebo ilibaki imekaushwa hela.

Ile unayoisema wewe ilianza 1998. Wenzake watatu walimshitaki Biafra kwamba lebo yake haikuwalipa mrabaha wao wote. Mwaka 2000 mahakama ya San Francisco ikawapa wao ushindi, takriban dola 200,000, rufaa yake nayo ikagonga mwamba. Biafra anasema chanzo ni kwamba alikataa wimbo wao mmoja usitumike kwenye tangazo la nguo la Levi's. Wenzake wanasema hapana, chanzo ni hesabu. Tangu 2001 wamekuwa wakizunguka kwa jina la Dead Kennedys bila yeye.

dada wa kaunta:
Na wewe uko upande gani?

Santuri Kuukuu:
Kwenye hesabu niko na wenzake, mahakama ilikagua na mtu alipwe jasho lake. Kwenye tangazo la suruali niko na Biafra. Na nikienda kuwaona bila yeye nitaangalia vidole vya Ray tu.